Shauri la Sangara katika Ziwa Victoria

Mwezi wa Aprili mwaka 1954 Malkia Elizabeth wa Pili alifika Jinja kufungua bwawa la Owen Falls, na habari za sherehe hiyo zikaenea Afrika Mashariki yote na ng'ambo. Mwaka huo huo, mahali si mbali na hapo, lilitendeka jambo jingine lisilokuwa na hotuba wala tarumbeta. Sangara kadhaa waliotolewa Ziwa Albert walitiwa majini upande wa juu wa bwawa, yaani upande wa Ziwa Victoria. Kwa muda wa miaka hamsini asili ya tendo hilo ilikuwa uvumi tu. Ndipo Robert Pringle alipokusanya hati na masimulizi ya watu waliokuwapo, akachapisha mwaka 2005 ya kwamba samaki hao walitiwa kwa siri na watu wa idara ya wanyama na samaki ya Uganda, hali shauri la kuwatia au kutowatia lilikuwa bado kukatwa.

Bwawa la umeme lilijengwa kwa hesabu ndefu za wahandisi, na kila ratili ya saruji ilipimwa. Samaki hawakupimwa. Hata hivyo, mtu akiulizwa leo ni lipi kati ya mambo mawili hayo ya mwaka 1954 lililogeuza zaidi maisha ya watu wa pwani za ziwa hilo, hatakawia kujibu.

Ili kulielewa shauri lenyewe, yafaa kwanza ijulikane hali ya ziwa kabla ya mgeni huyo. Ziwa Victoria lina eneo la kilomita za mraba 68,800 hivi, lakini si la kina kirefu. Mahali pa kina kabisa hapazidi sana mita 80. Maji yake hutoka kaskazini kwa mto Nile, hupita Ziwa Kyoga, kisha huanguka katika maporomoko ya Murchison kabla ya kufika Ziwa Albert. Maporomoko hayo yalikuwa kama lango lililofungwa. Chini yake, katika Ziwa Albert na mto Nile wote, sangara alikuwa mwenyeji tangu zamani, kama alivyokuwa mwenyeji wa Ziwa Turkana, wa Ziwa Chad na wa mito ya Afrika ya Magharibi. Ni samaki mla nyama, awezaye kufikia urefu wa mita mbili na uzito wa kilo 200. Juu ya maporomoko hakuwapo. Waliokuwapo ni ngege na mbiru, waliokuwa nyama bora ya watu wa ziwa, ningu, aliyepanda mito wakati wa mvua kutaga mayai, mumi na kamongo, dagaa, na zaidi ya wote, furu.

Hapa hapana budi kukawia kidogo, kwa maana katika mabishano yote yaliyofuata furu ndiye aliyetajwa sana na kujulikana kidogo. Neno furu hutumiwa kwa samaki wadogo wengi, wenye urefu wa kidole hata kiganja, ambao mvuvi huwaona kuwa kitu kimoja na mtaalamu huwaona kuwa mamia. Aina zao katika ziwa hili zinakadiriwa kupita 500, na karibu zote hazipatikani mahali pengine popote duniani. La kustaajabisha zaidi ni umri wao. Uchunguzi wa matope ya chini ya ziwa umeonyesha kwamba ziwa lilikauka miaka 15,000 hivi iliyopita. Basi yaonekana wingi huo wa aina ulitokea baada ya maji kurudi, nao ni muda mfupi mno kwa mambo ya namna hii. Kila aina ilijifungulia riziki yake. Wako waliokula uoto wa mawe, wako waliovunja konokono kwa meno ya kooni, wako waliokula wadudu wa matope, wako waliobandua magamba ya samaki wenzao, na wako hata waliowavamia majike wa furu wengine ili kuwatapisha mayai na watoto waliowabeba kinywani. Maana furu jike hulea mayai yake mdomoni mpaka yaanguliwe. Madume yalipambwa kwa rangi ya buluu, nyekundu na manjano, na jike alimtambua dume wa aina yake kwa rangi hizo.

Wavuvi wa kale waliwategea furu kwa madema na ndoana, wakala wenyewe na watoto wao. Lakini serikali za kikoloni zilipoanza kuyatazama maji kama shamba la mapato, samaki huyu mdogo mwenye miiba mingi hakupendeza machoni. Katika taarifa za Kiingereza za zamani hizo aliitwa takataka.

Sababu ya kumtafuta samaki mgeni ilikuwa ni kupungua kwa ngege. Mwaka 1905 nyavu za makila za kitani zililetwa kwa mara ya kwanza katika ghuba ya Kavirondo, na reli ya Kisumu ilikuwa tayari kuchukua samaki kwenda Nairobi. Wavu uliotegwa usiku ulitoa ngege kwa makumi. Haukupita muda ila wavu huo huo ukawa watoa wachache, na katika miaka ya 1920 malalamiko yakawa mengi. Serikali zikamwita Michael Graham, mtaalamu wa uvuvi kutoka Uingereza, aliyelipima ziwa mwaka 1927 na 1928, E. B. Worthington akiwa msaidizi wake. Taarifa yake ilitoka mwaka 1929. Shauri alilolitoa kwa wavuvi lilikuwa rahisi: tundu la wavu lisipungue inchi tano, ili ngege wadogo wapate kuzaa kabla ya kuvuliwa. Juu ya kuleta samaki mkubwa mla nyama kutoka maji mengine, Graham alionya kwamba lingekuwa jambo la hatari kubwa mno, lisifanywe ila baada ya uchunguzi mrefu.

Yaani hatari ilikwisha tajwa miaka ishirini na mitano kabla ya tendo la Jinja, tena na mtu aliyeitwa na serikali zenyewe.

Sheria ya inchi tano ilitungwa, ikavunjwa na wengi, na katika miaka ya 1950 ikaanza kufutwa. Wakati huo nyavu za nailoni zilikuwa zimeingia, zisizooza upesi na zisizoonekana sana majini, na ngege wakazidi kwisha. Mwaka 1947 palikuwa pameanzishwa vyombo viwili vya kuangalia mambo ya uvuvi: utumishi wa samaki wa Ziwa Victoria uliosimamia sheria na takwimu, na shirika la utafiti wa samaki la Afrika Mashariki, makao yake Jinja. Pamoja na idara za samaki za kila nchi, hivi ndivyo vilivyokuwa viwanja vya mabishano.

Waliotaka sangara atiwe walikuwa na hoja zisizostahili kuchekwa. Walisema kwamba sehemu kubwa ya samaki wa ziwa, wakipimwa kwa uzito, ni furu ambao hawana soko. Basi kwa nini asiletwe mla furu, awageuze kuwa nyama nene ya kuuzika? Walionyesha Ziwa Albert, ambamo sangara na jamaa za ngege wamekaa pamoja tangu zamani na hakuna aliyemmaliza mwenziwe. Wengine walifikiri pia juu ya wavuvi wa ndoana kwa mchezo, Wazungu wapendao kupigana na samaki mkubwa, ambao wangeleta fedha za utalii. Hoja hii haikupewa mahali pa mbele katika taarifa, lakini haikuwa ndogo mioyoni.

Waliokataa walikuwa hasa watafiti. Mashuhuri kati yao alikuwa Geoffrey Fryer, ambaye mwaka 1960 alichapisha makala katika jarida la kilimo la Afrika Mashariki kulipinga shauri hilo. Hoja zake zilikuwa za namna mbili. Ya kwanza ilihusu hesabu ya chakula. Kila kiumbe alapo mwingine, sehemu kubwa ya chakula hupotea katika kuishi kwake. Kilo kumi za mawindo huacha labda kilo moja ya mwindaji. Ngege, alaye mimea ya majini, yu karibu na shina la chakula. Sangara yu kileleni. Kwa hiyo kumfuga mla nyama ili kupata samaki zaidi ni kuitafuta faida kwa njia ya hasara. Ya pili ilihusu ujamaa wa viumbe. Samaki wa Ziwa Albert wamekua pamoja na sangara kwa vizazi visivyohesabika, wakajifunza kumkimbia, au wamekaa mahali asipofika. Wale wa Victoria hawajapata kumwona. Tena akisha kuingia katika ziwa kubwa namna ile, hakuna wavu utakaomtoa.

Mwaka uliofuata A. M. Anderson alijibu katika jarida hilo hilo, akiutetea mpango. Wanafunzi wa historia wangefanya vyema kuzisoma makala hizo mbili kwa pamoja, kwa kuwa ni mara chache kupata hatari ya jambo kubwa ikipimwa wazi hivyo, pande zote mbili, kabla ya matokeo kujulikana. Lakini ilikuwa kabla ya matokeo tu, wala si kabla ya tendo. Sangara alikuwa amekwisha kuwa ndani ya maji.

Jambo moja lililojificha katika mabishano hayo lilitendeka chini ya paa lile lile la Jinja. Katika miaka ya 1950 Humphry Greenwood alikuwa hapo akiwachambua furu mmoja mmoja, akihesabu magamba na kutazama meno, na tangu 1956 alianza kuchapisha mfululizo wa maelezo ya aina zao ulioendelea zaidi ya miaka kumi. Hivyo chumba kimoja kilikuwa kikiwapa majina samaki ambao chumba cha pili kiliwaita takataka ya kulishia sangara. Haikosi kuwa watu hao walikunywa chai pamoja. Wala hapana aliyefikiri, hata miongoni mwa waliopinga, kuweka wingi wa aina za furu katika mizani kama mali yenyewe. Wote walibishana juu ya tani za nyama.

Na mvuvi? Katika maandishi ya mabishano yale mvuvi wa Kijaluo, wa Kisukuma, wa Kikerewe au wa Kiganda ametajwa kama mtu wa kuhesabiwa nyavu zake. Hakuulizwa ampendaye. Wala hawakuulizwa wanawake waliokausha na kuuza, ambao kazi yao, kama itakavyoonekana, ndiyo iliyogeuzwa kuliko ya mtu mwingine yeyote. Ni kweli kwamba desturi za utawala wa wakati ule hazikuwa za kuuliza. Lakini aibu ya jambo haipungui kwa kuwa lilikuwa desturi.

Mwezi wa Mei mwaka 1960 sangara alivuliwa karibu na Jinja, ndani ya ziwa. Habari hiyo ilikuwa na njia mbili za kuelezwa. Wengine walisema amepenya mwenyewe kutoka Ziwa Kyoga, alikokuwa ametiwa waziwazi katikati ya miaka ya 1950, akapita mitambo ya bwawa. Wengine walinong'ona kwamba ametiwa kwa mkono. Vyovyote vile, hoja mpya ikazaliwa: maadam ameingia, mabishano yana faida gani? Mwaka 1962 na 1963 sangara wadogo wakatiwa rasmi, Entebbe kwa upande wa Uganda na Kisumu kwa upande wa Kenya. Hii ndiyo hatua mbaya kupita zote katika historia hii, kwa hukumu ya haki. Kosa la siri lilikuwa la watu wachache. Kosa la pili lilikuwa la ofisi, na liliifanya siri iwe hoja. Mtu aliyetoboa mtumbwi hawezi kutumia tundu lile kuwashawishi wenziwe kwamba kukaa mkavu haiwezekani.

Kwa karibu miaka ishirini hapakuonekana neno. Sangara walivuliwa hapa na pale, na waliotabiri mema na waliotabiri mabaya wote walionekana kama wamekosea. Katika muda huo watu walilisahau shauri. Upande wa Tanzania, katika miaka ya 1970, kiwanda kilijengwa Mwanza cha kusaga furu kuwa chakula cha kuku na mifugo, na meli za kukokota nyavu zikapewa kazi ya kuwavua. Na mwaka 1977 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, wakaweka kikundi chao Mwanza ili kuwachunguza furu hao kabla hawajamalizwa na meli. Walikuja kupima hatari moja, wakashuhudia nyingine.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 sangara walianza kuzidi katika ghuba ya Nyanza, Kenya. Mwaka 1976 hawakufika hata mmoja katika mia ya uzito wa samaki waliopatikana upande huo. Mwaka 1983 walipita nusu. Kisha wimbi likaenda Uganda, na kufikia katikati ya miaka ya 1980 likaifikia ghuba ya Mwanza. Kikundi cha Leiden, kilichokuwa kikivuta nyavu zake mahali pale pale mwaka hata mwaka, kiliona furu wakipungua kutoka mamia ya kilo hata wavu kutoka mtupu. Yakadiriwa kwamba aina 200 hivi zilitoweka au zilipungua hata zisionekane tena. Hakuna tukio jingine la zama hizi ambalo ndani yake wanyama wengi hivyo wenye uti wa mgongo walitoweka kwa upesi hivyo mbele ya macho ya watu waliokuwa wakiwahesabu. Mwaka 1985 wataalamu kadhaa waliandika katika jarida la Nature kuyaeleza maangamizi hayo, na miongoni mwa waliotia sahihi walikuwamo Fryer na Greenwood, wazee sasa.

Lakini historia ikiishia hapo itakuwa ya upande mmoja, na kwa kweli wengi wa ng'ambo wameiishia hapo. Samaki walioletwa nchi kavu kutoka ziwa zima walikuwa kama tani 100,000 kwa mwaka katika miaka ya 1970. Kufikia 1990 walikuwa kiasi cha tani 500,000, na sehemu kubwa kabisa ilikuwa sangara. Hapo mwanzo watu walimwogopa. Wajaluo walimwita mbuta, Waganda mputa. Ilisemwa ana harufu, ana mafuta ya kuumiza tumbo. Kisha wakajifunza kumkata, kumkaanga katika mafuta yake mwenyewe na kumbanika. Ngege alikaushwa kwa jua. Sangara, kwa wingi wa mafuta, alihitaji moshi, na moshi ulihitaji kuni, na kuni zilitoka katika miti michache iliyobaki pwani na visiwani. Hili ni tokeo ambalo hapana aliyelitabiri katika makala za 1960 na 1961.

Viwanda vya minofu vikaja, kwanza Kisumu katika miaka ya 1980, kisha Uganda na Mwanza. Minofu ikaruka kwa ndege kwenda Ulaya. Vijana walimiminika mialoni. Aliyekuwa na mtumbwi na mashine alijenga nyumba ya bati, aliyekuwa na nguvu za mikono akawa kibarua wa mwenye mtumbwi. Mwanamke aliyezoea kumnunua samaki ufukoni na kumkausha akakuta lori lenye barafu limemtangulia. Akabakiwa na mifupa na vichwa, ambavyo Kenya viliitwa mgongo wazi na Mwanza mapanki, navyo vikawa kitoweo cha wasioweza kununua nyama ya samaki wa ziwa lao wenyewe. Baadaye hata bondo, kibofu cha hewa cha sangara, lilipata wanunuzi wa kulipeleka China kwa bei kupita mnofu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Jumuiya ya Ulaya ilipoyafunga masoko yake kwa sababu ya hofu ya kipindupindu, na tena mwaka 1999 kwa hofu ya sumu za kuvulia, pwani nzima ilijua maana ya kutegemea samaki mmoja na mnunuzi mmoja.

Basi ni nani aliyepima sawa? Fryer alikosea katika tani. Hesabu yake ya chakula ilikuwa sahihi katika kanuni. Lakini furu wa matopeni hawakuwa wakivuliwa kwa kiasi chao hapo mbele, na walipokwisha sangara hakufa njaa kama ilivyotazamiwa. Alikula kamba wadogo waliozidi katika matope yaliyoachwa, akala dagaa, akala watoto wake mwenyewe. Naye dagaa, aliyeitwa omena Kenya na mukene Uganda, badala ya kumalizwa alizidi, akawa chakula cha maskini kilichoshika mahali pa furu. Waliomtaka sangara walishinda katika tani, wakashindwa katika kila jambo jingine walilolisema: hakukaa kwa amani na wenyeji kama Ziwa Albert, na faida haikubaki mikononi mwa wale waliotajwa kuwa ndio sababu ya mpango. Juu ya jambo moja Fryer alikuwa sahihi kabisa, nalo lingetosha peke yake: kwamba haliwezi kutanguliwa. Makosa mengi ya serikali za zamani hizo yalisahihishwa na serikali zilizofuata. Hili halikuwezekana.

Tena haki yataka isemwe kwamba sangara hakutenda peke yake. Tangu miaka ya 1920, na zaidi baada ya 1960, mbolea ya udongo uliochukuliwa na mvua kutoka mashamba yaliyopanuka, pamoja na maji machafu ya miji, ililijaza ziwa uoto wa kijani. Maji yakawa mazito, na ya chini yakakosa hewa kwa miezi. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenziwe walionyesha jambo la ajabu: katika maji ya giza majike ya furu hayazitambui tena rangi za madume, na aina zilizotengwa na rangi zachanganyika na kuwa moja. Basi wako furu walioliwa, na wako waliopotea kwa kuoana gizani. Uvuvi wa sangara ulipozidi katika miaka ya 1990, baadhi ya aina zilizodhaniwa kufa zikaonekana tena, wala si chache. Lakini wingi wa zamani haukurudi.

Upimaji wa hatari ya samaki wageni umekuwa elimu yenye vitabu vyake tangu hapo. Uingereza, Gordon Copp na wenziwe walichukua maswali yaliyotungwa Australia kwa ajili ya magugu, wakayageuza yawe maswali 49 ya kuuliza juu ya samaki: je, amekwisha vamia mahali pengine? Hali ya hewa ya huku yafanana na ya kwao? Hula nini, huzaa upesi namna gani, huvumilia maji machafu? Majibu hutiwa alama, na alama hujumlishwa. Chombo hicho kimetumiwa sana kwa samaki wa mapambo, wale wauzwao kwa ajili ya matangi ya vioo majumbani, ambao biashara yao huvusha mamilioni ya samaki hai bahari kwa bahari, na ambao mwenyewe akichoka nao huwamwaga katika mto ulio karibu. Mfano wake mkuu ni samaki mwenye miiba ya sumu aitwaye na Waingereza samaki simba, mwenyeji wa Bahari ya Hindi na Pasifiki, pwani ya Afrika Mashariki ikiwamo. Mwaka 1985 alionekana Florida, nchini Marekani, naye hakuwa na njia ya kufika huko ila ndani ya tangi. Sasa amejaa Karibi yote. Ziwa Victoria nalo limekwisha onja mgeni wa mapambo: gugu maji, lenye ua zuri la zambarau, lilichukuliwa kutoka Amerika ya Kusini kupamba vidimbwi vya bustani, na mwishoni mwa miaka ya 1980 likaingia ziwani na kuziba bandari za Kisumu na nyinginezo.

Sangara akiulizwa maswali yale angepata alama za juu: mkubwa, mlafi, mzazi wa mayai kwa mamilioni, mwenye kuvumilia maji ya namna nyingi. Lakini yafaa kusita kabla ya kuamini kwamba orodha ingeliokoa ziwa. Graham hakuwa na orodha, naye alijibu sawa. Kilichokosekana mwaka 1954 hakikuwa swali, bali mlango wa kulipitishia. Na orodha, hata ikiwa na maswali mia, haina nguvu juu ya mtu mwenye ndoo ya samaki usiku. Kasoro ya pili ni ya ndani zaidi. Mwaka 1960 hakuna mpimaji aliyeweza kujibu swali la nini kitapotea, kwa sababu Greenwood alikuwa bado hajamaliza kuhesabu. Na katika miaka ile ile ya 1950 sato wa Nile naye aliletwa kutoka maji mengine, akatiwa ziwani kwa mabishano kidogo sana kwa kuwa si mla nyama. Leo ndiye sato wa sokoni, na ngege mwenyeji ametoweka karibu kabisa katika ziwa kuu, akabaki katika maziwa madogo ya kandokando.

Na furu wamekuwa samaki wa mapambo. Katika miaka ya 1980 watafiti walichukua baadhi yao wakiwa hai kwenda Uholanzi, na baadaye bustani za wanyama na nyumba za samaki za Marekani zikapanga kuwazalisha. Madume ya buluu na nyekundu huogelea katika maji meupe ya bomba, mbele ya taa, na hulishwa kwa saa. Wako miongoni mwao ambao ziwani hawajaonekana tena. Watu waliuliza mara nyingi kama warudishwe, na jibu limekuwa lile lile: warudishwe wapi, hali mla wao yungali huko na maji yangali na giza?

Ziwani penyewe hofu imegeuka upande. Tangu mwanzo wa miaka ya 2000 wavuvi walianza kulalamika kwamba sangara hupungua na kuwa wadogo. Kenya, Tanzania na Uganda zilikuwa zimetia sahihi mapatano mwaka 1994 ya kuunda shirika la uvuvi la Ziwa Victoria, na shirika hilo liliweka kanuni kwamba sangara wa chini ya sentimita 50 asivuliwe, ili apate kukua, wala wa juu ya sentimita 85 asipelekwe kiwandani, ili mzazi mkubwa aachwe azae. Doria za kumlinda zimekamata makokoro na nyavu haramu na kuyachoma moto mialoni mbele ya wenyewe. Makao ya shirika hilo yako Jinja, mwendo mfupi kutoka bwawa.